Barua ya Wazi kwa Waziri wa Elimu: Mageuzi ya Dunia Yafundishwe Mpaka Yalikofika

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,
Jamhuri ya Muungano wa Tanzania,
Dodoma.

YAH: UFUNDISHAJI WA HISTORIA YA DUNIA KATIKA SHULE ZA SEKONDARI

Mheshimiwa Waziri,

Ninakuandikia nikiwa mwalimu wa somo la Historia, na ninaandika hadharani kwa kuwa jambo lenyewe linawagusa walimu, wazazi na wanafunzi wengi kuliko ambao barua ya ofisini ingewafikia. Mtaala mpya umetuletea somo la lazima la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili, na wengi wetu tumelipokea kwa moyo mkunjufu. Sina nia ya kulipinga. Ninachoomba ni kwamba historia ya dunia, ambayo imebaki katika somo jingine na katika lugha nyingine, isigeuke kuwa chumba cha jirani kisicho na mlango wa kuingilia kwetu.

Waliosoma Historia ya kidato cha tano na cha sita katika miongo iliyopita wanaikumbuka orodha: kuporomoka kwa ukabaila Ulaya, kukua kwa ubepari, Mapinduzi ya Kiingereza ya karne ya 17, Mapinduzi ya Ufaransa ya 1789, kuibuka kwa Marekani, vita kuu mbili na Mapinduzi ya Urusi ya 1917. Hakuna hata moja lisilostahili kusomwa. Kasoro ni kwamba kila tukio limefundishwa likaishia pale lilipotokea. Mwanafunzi hujifunza hoja sita za chanzo na hoja sita za matokeo, huziandika katika aya zenye urefu unaolingana, hupata alama zake, kisha hutoka katika chumba cha mtihani bila kuweza kueleza tukio hilo lilibadilisha maisha ya nani, wapi, na baada ya muda gani. Ninaamini maswali hayo matatu ndiyo yanayotofautisha tukio kubwa na mageuzi ya kweli, na ndiyo ambayo hatuyaulizi.

Chukua dola ya Roma. Vitabu vingi huweka alama nyekundu kwenye mwaka 476 BK, jemadari Odoacer alipomwondoa madarakani mfalme wa mwisho wa Roma ya magharibi, kijana Romulus Augustulus, na hapo ndipo zama za kale zinapotangazwa kuwa zimekwisha. Kwa historia ya Italia na Gallia (Ufaransa ya leo) mpaka huo una mantiki, ingawa hata kwa Konstantinopoli, ambako dola iliendelea kwa karibu miaka elfu moja zaidi, haukuwa na uzito huo. Kwa pwani ya Afrika Mashariki mwaka wenye uzito ni mwingine kabisa: 30 KK, Octavian, aliyeitwa baadaye Augustus, alipoitwaa Misri baada ya kifo cha Kleopatra. Bandari za Misri katika Bahari ya Shamu ziliingia mikononi mwa Roma, na mwanajiografia Strabo aliandika kwamba katika zama zake merikebu zipatazo 120 kwa mwaka zilikuwa zikisafiri kutoka bandari ya Myos Hormos kwenda India. Katika karne ya kwanza BK mfanyabiashara mmoja wa Misri, asiyejulikana jina, aliandika kwa Kigiriki mwongozo wa safari hizo, unaojulikana kama Periplus ya Bahari ya Eritrea, na humo akaitaja Rhapta, soko la mwisho la Azania, jina la kale la pwani ya Afrika Mashariki, penye pembe za ndovu na magamba ya kasa kwa wingi. Mahali Rhapta ilipokuwa bado panabishaniwa na wanaakiolojia, na ubishi huo wenyewe ungekuwa somo zuri darasani kuliko tarehe kumi za kukariri. Mwanafunzi anayeishi kwenye njia ya Kaskazi na Kusi anastahili kujua kwamba kuanguka kwa utawala wa akina Ptolemaio, ukoo wa Kleopatra uliotawala Misri, kunaigusa pwani yake kuliko kijana aliyevuliwa taji mjini Ravenna.

Sidai kwamba kila kitu kipimwe kwa kutazama pwani yetu. Kuporomoka kwa falme za Mediterania ya mashariki mnamo 1200 KK, dola ya Wahiti katika Uturuki ya leo ilipotoweka na mji wa Ugarit katika pwani ya Siria ukateketezwa usijengwe tena, hakuna uzi ninaoufahamu unaokufikisha huku; hata hivyo ningelifundisha kwa hiari yangu kabla ya vita vingi vya wafalme wa Ulaya, kwa sababu linaonyesha jinsi ukame, uvamizi na kukatika kwa biashara vinavyoweza kushikana mikono hadi wasomi washindwe kutaja chanzo kimoja. Mwanafunzi aliyezoea hoja sita zinazosimama kila moja peke yake anahitaji mfano wa namna hiyo.

Anahitaji pia kujifunza kutilia shaka mnyororo unaonyooka kupita kiasi. Simulizi iliyozoeleka husema kwamba Waturuki wa Osmani walipoiteka Konstantinopoli tarehe 29 Mei 1453 walifunga njia ya viungo, ndipo Wareno wakalazimika kutafuta njia ya baharini, na Vasco da Gama akafika Mombasa na Malindi mwaka 1498. Simulizi hii inapendeza kwa kuwa inaunganisha miaka miwili mikubwa kwa sentensi moja, lakini haistahimili maswali. Wareno waliitwaa Ceuta, mji wa Afrika Kaskazini, mwaka 1415 na kuipita Rasi ya Bojador katika pwani ya magharibi ya Afrika mwaka 1434, Konstantinopoli ikiwa bado mikononi mwa mfalme wake Mkristo. Walikuwa wakitafuta dhahabu ya Afrika Magharibi kabla ya kutafuta pilipili manga ya India. Viungo navyo viliendelea kufika Venisi kupitia Aleksandria, mji ambao mwaka 1453 ulikuwa chini ya Wamamluki, watawala Waislamu wa Misri, na haukutwaliwa na Waosmani hadi 1517. Ukimpa mwanafunzi tarehe hizo tano na simulizi hiyo, kisha ukamwachia kipindi kizima aipime, atakuwa amefanya kazi ya mwanahistoria. Kilichofuata katika pwani yetu, yaani Francisco de Almeida kuzipora Kilwa na Mombasa mwaka 1505 na Wareno kuanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, tunakifundisha vya kutosha.

Mfano ambao ningependa ofisi yako iuzingatie zaidi ni wa pamba, kwa sababu unaonyesha hasara tunayoipata masomo mawili yanapotenganishwa.

Mashine ya kuchambua pamba aliyoibuni Eli Whitney mwaka 1793 iliyafanya majimbo ya kusini ya Marekani kuwa shamba kubwa la pamba linalolimwa na watumwa, na sehemu kubwa ya pamba hiyo ilisokotwa na kufumwa katika viwanda vya Lancashire huko Uingereza na vya Massachusetts huko Marekani kwenyewe. Seyyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na baada ya hapo merikani, kitambaa cha pamba kutoka Marekani, kikawa bidhaa ya Unguja na fedha ya misafara, kikienda kwa majora hadi Tabora na Ujiji kulipia pembe na posho za wapagazi. Kwa maneno mengine, mpagazi wa Kinyamwezi alikuwa akilipwa kwa jasho la mtumwa wa Mississippi, na hakuna kati yao aliyejua.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani mwaka 1861, manowari za serikali ya kaskazini zilizingira bandari za kusini, pamba ikakosekana, merikani ikaadimika Unguja, na vitambaa vya Uingereza na India vikachukua nafasi yake. Huko Misri bei ya pamba ilipanda mara kadhaa, na mtawala wake, Khedive Ismail, aliyeshika madaraka mwaka 1863, akakopa kwa kutegemea neema hiyo. Vita vikaisha mwaka 1865, bei ikaporomoka, madeni yakabaki. Mwaka 1875 Ismail aliiuzia Uingereza hisa zake za Mfereji wa Suez kwa pauni zipatazo milioni nne, na mwaka 1882 majeshi ya Uingereza yakaikalia Misri. Aliyeishika Misri aliutaka mto Nile, na aliyeutaka mto Nile alikitaka chanzo chake. Hiyo ni sababu mojawapo, na si ndogo, ya Uingereza kutia saini mkataba na Ujerumani tarehe 1 Julai 1890 kuhusu Unguja, Uganda na kisiwa cha Heligoland katika Bahari ya Kaskazini, na ya kujenga reli kutoka Mombasa kuanzia mwaka 1896.

Pamba haikuishia hapo. Viwanda vya nguo vya Ujerumani navyo vilichoka kuitegemea Marekani, na von Götzen, gavana wa koloni lao la Afrika Mashariki, akaanza mwaka 1902 kuwalazimisha wenyeji wa kusini kulima pamba katika mashamba ya pamoja kwa malipo duni. Mwezi Julai 1905 watu wa Nandete, katika vilima vya Umatumbi, waling'oa miche ya pamba, na vita vya Maji Maji vikaanza. Wajerumani walichoma mashamba na maghala, na njaa iliyofuata iliua wengi kuliko risasi.

Kwa mpangilio wa sasa, Mheshimiwa, Kinjikitile Ngwale, mganga aliyehamasisha vita vya Maji Maji, anasomwa katika kipindi kimoja kwa Kiswahili, na pamba ya Mississippi, ikiwa itatajwa, itatajwa katika kipindi kingine kwa Kiingereza, pengine na mwalimu mwingine. Mwanafunzi ataambiwa kwamba babu zake walipinga ukatili, jambo ambalo ni kweli, lakini hataambiwa kwa nini ukatili huo ulichukua sura ya shamba la pamba na wala si la kitu kingine.

Nitajibiwa kwamba mada zimekwisha kuwa nyingi na vipindi havitoshi. Ndiyo maana siombi mada mpya. Naomba zipunguzwe. Mageuzi manane au tisa yaliyochaguliwa kwa uangalifu, kila moja likifuatwa kutoka chanzo hadi lilikofika, yanatosha kwa miaka miwili ya kidato cha tano na cha sita, na nafasi itabaki ya kusoma ushahidi wenyewe. Ningekuwa radhi kuona Mapinduzi ya Kiingereza yakipewa wiki moja badala ya nyingi, ingawa najua wenzangu kadhaa hawatanisamehe kwa kusema hivyo.

Kwa hiyo ninaiomba Wizara ifanye mambo yafuatayo. Taasisi ya Elimu Tanzania iandae kijitabu cha vyanzo kwa Kiswahili, chenye kurasa za Periplus zinazohusu Azania, maelezo ya Ibn Battuta aliyefika Kilwa mwaka 1331, na vifungu vya mkataba wa 1890, ili walimu wa masomo yote mawili wakitumie. Baraza la Mitihani la Tanzania, ambalo ndilo linaloamua kwa vitendo kile kinachofundishwa, liweke katika kila mtihani walau swali moja linalompa mtahiniwa chanzo na simulizi, kisha limtake aonyeshe pale vinapopingana, na mwongozo wa kusahihisha uruhusu jibu lenye hoja mbili zilizochimbwa vizuri kupata alama kamili. Bila badiliko hilo la pili kijitabu kitabaki kabatini, kwa kuwa hakuna mwalimu atakayewapotezea wanafunzi wake muda kwa jambo lisiloulizwa katika mtihani.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu wa Historia, shule ya sekondari