Chuo kinapotafuta wagonjwa wa utafiti, tangazo liseme mambo haya

Mhariri,

Vyuo vikuu vya afya vinatafuta wagonjwa, na wakati mwingine watu wazima wasio na ugonjwa wowote, wa kushiriki majaribio ya dawa na chanjo. Matangazo hayo yakifika Tabora na Kigoma huja kama picha ya kwenye simu: jina refu la utafiti, nembo ya chuo, umri unaotakiwa na namba ya kupiga, basi. Sisi tunaoandika ni wauguzi, matabibu na watu wa maabara wa tafiti hizi. Tunataka zipate watu, na tunaona tangazo la namna hiyo linawafukuza.

Kwanza tujibu swali linaloulizwa sana: sisi wa huku tunapata nini? Klorokwini iliachwa kuwa dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001, ikaja SP (sulfadoxine na pyrimethamine). SP nayo ikapisha dawa mseto ya ALu (artemether na lumefantrine) mwishoni mwa 2006. Zote mbili ziliondolewa baada ya kuonekana kwamba vimelea vimezizoea, na jambo hilo halijulikani bila wagonjwa wanaokubali kufuatiliwa. ALu yenyewe imepimwa hivyo Ujiji mwaka 2016 na Simbo, mkoani Tabora, mwaka 2018. Mtoto mwenye malaria hunywa dozi sita kwa siku tatu chini ya uangalizi. Akitapika ndani ya nusu saa anarudishiwa dozi nzima. Kisha hufuatiliwa hadi siku ya 28, na siku yoyote katikati akipata homa analetwa. Kila safari kidole kinatobolewa: tone la kioo cha darubini, na matone machache kwenye karatasi ya kukaushia damu.

Karatasi hiyo ndiyo wazazi wengi hawaelezwi. Vimelea vikionekana tena wiki ya tatu, maabara hulinganisha vinasaba vya siku ya kwanza na vya siku hiyo. Vikifanana, dawa imeshindwa. Vikitofautiana, mtoto ameumwa na mbu mwingine. Kwa hiyo mzazi anayemwona mtoto wake anacheza siku ya 14 na kuamua kwamba safari ya siku ya 21 haina maana, anaondoka na jibu lote. Dawa inayoanza kuchoka huacha vimelea vichache sana, na hivyo huchukua wiki mbili au tatu kuongezeka mpaka darubini ivione.

Mfano mwingine uko jirani. Kuanzia mwaka 2017, wasichana 930 wa Mwanza wenye umri wa miaka 9 hadi 14 walishiriki utafiti wa kulinganisha dozi moja, mbili na tatu za chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi. Matokeo yao ni sehemu ya ushahidi uliolifanya Shirika la Afya Duniani kukubali dozi moja mwezi Desemba 2022, na Tanzania ikahamia dozi moja mwaka 2024. Binti wa Kaliua au Kakonko anachomwa sindano moja leo, na hiyo ni safari moja ya kumfuata badala ya mbili.

Kwa watu wa misitu ya miombo, iliko ndorobo, tuseme pia habari ya malale. Malale ya upande wetu huenda haraka kuliko ile ya Afrika Magharibi, na ikishafika kwenye ubongo dawa ya miaka mingi imekuwa melarsoprol, sindano ya mshipani yenye arseniki ambayo yenyewe huua takriban mgonjwa mmoja kati ya 20. Fexinidazole, vidonge vya siku 10 vinavyomezwa baada ya chakula, ilijaribiwa kwa malale hii huko Malawi na Uganda kwa wagonjwa 45 tu, na mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani likaiingiza kwenye mwongozo wake. Wagonjwa 45! Ugonjwa ukiwa adimu, kila anayekubali ana uzito mkubwa.

Sasa tangazo. Tunaomba vyuo viandike juu yake namba ya kibali cha maadili kutoka Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR. Namba hizo huanza na NIMR/HQ/R.8a/Vol., na kibali hudumu mwaka mmoja kisha huhuishwa, kwa hiyo tarehe nayo iwepo. Kama ni jaribio la dawa, chanjo au kifaa tiba, kiwepo pia kibali cha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Namba inayoanza na PACTR ni ya rejista ya majaribio ya Afrika; inayoanza na NCT na kufuatiwa na tarakimu nane ni ya rejista ya Marekani. Hizo mbili zinaonyesha kwamba utafiti umeandikishwa na mtu yeyote anaweza kuusoma. Haziruhusu mtu kuchoma sindano Nzega. Tumeona watu wakionyeshwa namba ya NCT kana kwamba ni leseni, na hilo ni kosa.

Barua ya Katibu Tawala wa Mkoa, ya Mganga Mkuu wa Wilaya au ya mtendaji wa kata inawapa watafiti ruhusa ya kuingia na kufanya kazi. Mwenyekiti wa kijiji akiwapokea amewakaribisha tu. Hawezi kukukubalia wewe wala mtoto wako. Wakimbizi wa Nyarugusu wana haki hiyo hiyo kamili, na mgao wa chakula usitajwe kabisa katika mazungumzo ya kujiunga.

Fomu ya ridhaa ndipo mambo mengi huharibikia. Inatakiwa iwe kwa Kiswahili, yenye namba ya toleo na tarehe, na nakala moja ubaki nayo wewe. Asiyejua kusoma anasomewa yote mbele ya shahidi asiye mtu wa utafiti, kisha anaweka dole gumba na shahidi anasaini. Vijijini Kasulu na Buhigwe wapo wazee wanaofikiri kwa Kiha, na Uyui wapo wa Kinyamwezi. Huyo anahitaji mkalimani aliyefundishwa, maana mjukuu anayetafsiri kwa haraka huruka sehemu ya madhara. Usisaini siku hiyo hiyo kama hujaelewa. Chukua karatasi nenda nayo nyumbani, uizungumze na mwenzako au na muuguzi wa zahanati yako. Mtafiti anayekataa uondoke na karatasi, muache.

Tunawaomba pia wanaotafsiri fomu waache kuandika "dawa bandia" wanapotaka kusema plasebo. Kwa Mtanzania dawa bandia ni ile ya kughushi ambayo TMDA huikamata madukani na kuiteketeza. Mama akisomewa kwamba nusu ya watoto watapewa dawa bandia, anasimama na kuondoka, na ana haki. Andikeni "kidonge kisicho na dawa ndani, kilichofanana na chenye dawa", na mweleze kwa nini kinahitajika: ili mgonjwa na muuguzi wasijue nani kapata nini, maana anayejua kapata dawa mpya huripoti nafuu upesi. Elezeni vilevile kwamba kundi hupangwa kwa bahati nasibu, kwamba daktari hawezi kukuchagulia, na kwamba kwa ugonjwa wenye tiba inayojulikana, kama malaria au kifua kikuu, kundi la kulinganisha hupewa tiba hiyo ya kawaida. Neno "kujitolea" nalo linapotosha. Vijana wengi wamelizoea kwa maana ya kufanya kazi bila mshahara wakisubiri ajira, na wapo wanaokuja na vyeti vyao mkononi. "Mshiriki wa utafiti" linaeleweka vizuri zaidi.

Maswali yasiyokosekana kabla ya kusaini: tiba ya kawaida ya ugonjwa wangu ni ipi nikikataa? Nikiumia nani atalipa, hospitali gani, mpaka lini? TMDA hudai bima kwa ajili ya washiriki, kwa hiyo jibu lipo; mwambie akuonyeshe ukurasa. Damu yangu itakaa wapi, miaka mingapi, itapelekwa nje ya nchi? Sampuli hazitoki bila mkataba wa kuzihamisha. Nani wa kumpigia nikiwa na malalamiko, mbali na hawa walionipokea? Fomu lazima iwe na namba ya kiongozi wa utafiti na ya kamati ya maadili. Mwaka 1996 huko Kano, Nigeria, wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, watoto 200 waliingizwa kwenye jaribio la dawa mpya, na wazazi wakasema baadaye kwamba hawakuambiwa kuwa ni jaribio. Kesi zake zilichukua miaka mingi.

Watu wazima wenye afya wanaoitwa kwenye hatua ya kwanza ya dawa mpya waulize zaidi: je, dawa hii imewahi kumezwa na binadamu? Nitakuwa wa ngapi? Mwaka 2006 jijini London wanaume 6 wenye afya walipewa dawa mpya kwa kupishana dakika chache, na wote sita wakaishia chumba cha wagonjwa mahututi. Tangu hapo utaratibu wa dawa inayoingia mwilini mwa binadamu kwa mara ya kwanza ni kuanza na mtu mmoja, kusubiri na kumwangalia, kisha wengine.

Kuhusu damu, tuseme kwa vipimo, kwa sababu habari za mumiani bado zinatembea. Chupa ndogo ya mililita 5 ni sawa na kijiko kimoja cha chai. Mtoto wa kilo 10 ana damu ya takriban mililita 800, kwa hiyo mililita 3 ni chini ya asilimia moja ya damu yake. Anayechangia damu hospitalini hutoa mililita 450. Mtafiti aeleze kila safari atachukua vijiko vingapi, na jumla yake mpaka mwisho. Tumegundua kwamba kinachotisha watu zaidi ya wingi wa damu ni chupa zinazofungwa kwenye kisanduku cha barafu na kuondoka na gari bila neno. Fungua kisanduku, onyesha, sema gari linakwenda maabara gani.

Anayetaka kushiriki naye asijiharibie. Ukinunua dawa mseto kwenye duka la dawa muhimu juzi, kisha ukaja kwenye utafiti wa malaria ukaficha, utapimwa na kupangwa vibaya, na usalama wako hautajulikana. Sema pia mitishamba, hata kama ni ya kuongeza nguvu tu: baadhi huchosha ini, na matokeo ya ini yakipanda, dawa ya utafiti italaumiwa bure au utaongezewa sumu juu ya sumu. Usigawe vidonge na ndugu. Usijiandikishe kwenye tafiti mbili. Kadi ya mshiriki itembee nawe, na ukiugua usiku ukakimbilia zahanati nyingine, mwonyeshe mganga kabla hajakuandikia dawa, apige namba iliyoko pale. Madhara makubwa huripotiwa kwa kawaida ndani ya saa 24, lakini saa hizo huanza kuhesabiwa watafiti wanapojua. Na ukichoka kushiriki, una haki ya kuacha siku yoyote bila kukosa matibabu yako. Njoo useme, uangaliwe mara ya mwisho. Kupotea tu kunakuacha na dawa mwilini bila mtu wa kukufuatilia.

Wanaopanga ratiba za tafiti hizi wakiwa mijini wapate kalenda ya huku. Urambo, Kaliua na Sikonge, mkulima aliye kwenye kuchuma na kukausha tumbaku hawezi kuacha moto wa bani, yaani banda la kukaushia tumbaku, kwenda kliniki siku ya 7. Warina asali huingia msituni wiki kadhaa. Kigoma, wavuvi wa dagaa hulala ziwani kwenye giza na kupumzika mbalamwezi ikiwa kubwa. Hesabu siku za mwezi kabla ya kuhesabu siku za utafiti, na nusu ya wanaoitwa watoro hawatakuwa watoro tena. Mahali ambapo haiwezekani, muuguzi mwenye pikipiki amfuate mtu alipo, na bajeti yake iwepo tangu mwanzo.

La mwisho ni nauli, na hili tunalisema kwa uchungu. Kutoka Kibondo hadi Kigoma mjini ni zaidi ya kilomita 200. Mgonjwa anapanda basi, analala kwa ndugu, asubuhi anapimwa damu, mkojo, ini na figo, mchana anaambiwa hajatimiza vigezo: wingi wa damu uko chini kidogo, au ana ujauzito ambao hakuujua. Bajeti nyingi hurudisha nauli ya aliyejiunga. Huyu aliyekataliwa huondoka na stendi inamsubiri, wakati vipimo vyake vimeusaidia utafiti kuchuja. Apewe nauli ya kuja na kurudi kama mwingine, pesa ya chakula, majibu yake kwa maandishi, na barua ya rufaa kama kimeonekana kitu. Binti aliyekutwa na ujauzito aambiwe peke yake, mlango ukiwa umefungwa, kabla ya mama mkwe aliyemsindikiza. Tangazo liseme hayo yote wazi, pamoja na namba ya simu inayopokelewa na mtu anayeongea Kiswahili hata Jumamosi.

Ni sisi,
Wauguzi, matabibu na wataalamu wa maabara wa tafiti za afya,
Tabora