Risala ya Klabu ya TEHAMA kwa Mgeni Rasmi, Mahafali ya Kidato cha Nne, Tabora

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, Mwenyekiti na wajumbe wa Bodi, walimu, wazazi na walezi, wahitimu: mwangaluka!

Kwa heshima na taadhima, Klabu ya TEHAMA inakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Tunajua umekuja kwa ajili ya wahitimu, na jua la Oktoba hapa Tabora halina utani, kwa hiyo hatutakuweka sana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ulipopita maabara asubuhi uliuliza ule uzi wa katani ukutani ni wa nini. Mwenzetu aliona haya, akakujibu kuwa ni wa kuanikia. Tunaomba radhi, ule ni mtambo wetu wa utafiti. Muhula uliopita mwalimu wa historia alituuliza: kila mtu anasema teknolojia ya habari inakwenda kasi, je, kasi hiyo kaipima nani, na kwa rula gani? Tukanunua uzi sokoni, sentimita 1 ikawa mwaka 1. Tukaanzia 1455, Biblia ya Gutenberg ilipochapwa kule Mainz, tukaishia leo. Kila uvumbuzi ukaandikiwa kikaratasi na kubanwa kwa kibanio cha nguo, ndiyo maana mtu anaweza kudhani tumefua.

Karibu mita 4 za mwanzo ni uzi mtupu. Kuna gazeti la kuchapwa la Strasbourg, 1605, na minara ya Chappe ya kupashana habari kwa ishara huko Ufaransa, 1794. Halafu inakuja telegrafu ya Morse, 1844, simu ya Bell, 1876, na mbele kidogo vibanio vinaanza kugombea nafasi: kompyuta ya ENIAC 1946, transista, yaani swichi ndogo ya umeme, 1947, chipu ya Intel 4004 mwaka 1971, Wavuti 1991. Tukaona kasi imethibitika, tukapeana mikono.

Ndipo binti mmoja wa Kidato cha Pili akatuharibia sherehe. Alisema vibanio vimejaa upande huu kwa sababu ndiko tuliko sisi. Mwamba ngoma huvutia kwake. Mtu wa 1620 angejaza uzi wake kwa mambo ambayo sisi hata majina hatuyajui. Tulibishana hadi kengele ya chakula ikatupita, na wengine wetu tulikuta sufuria la maharage limeshakwanguliwa.

Wapo waliopima kabla yetu. Gordon Moore, aliyekuja kuwa mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Intel, alisema mwaka 1965 kuwa idadi ya vijenzi ndani ya chipu huongezeka maradufu kila mwaka. 1975 akarekebisha, ikawa kila miaka 2. Intel 4004 ilikuwa na transista 2,300. Chipu za simu za bei mbaya leo zina zaidi ya bilioni 10. Ni kipimo safi, kinahesabika. Lakini tulishika saa tukapima kompyuta yetu: kutoka kubonyeza swichi hadi kuandika herufi ya kwanza ni dakika 4 na sekunde 10, na hiyo ni siku ambayo umeme haukukatika. Niklaus Wirth, mtaalamu wa kompyuta wa Uswisi, alilalamika tangu 1995 kuwa programu zinanenepa upesi kuliko mashine zinavyopata mbio. Angekuja hapa tungemkaribisha chai.

Mwanafizikia wa Marekani, Jonathan Huebner, yeye alichukua orodha ndefu ya uvumbuzi wa dunia, akaigawa kwa idadi ya watu. Mwaka 2005 akatangaza kuwa kilele kilikuwa 1873, na tangu hapo tunateremka. Alipingwa sana, na sisi tuko na wapinzani wake: lipi liingie kwenye orodha, aliamua nani? Ngoma ni ile ile. Ila huo mwaka 1873 ulitushtua, kwa sababu hapa Tabora tunaujua.

Mei 1873 Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi, alifariki katika nchi ambayo leo ni Zambia. Watumishi wake Chuma, Susi na wenzao wakaubeba mwili wake. Oktoba walikuwa Kwihara, hapa hapa jirani. London ilipata habari mwanzoni mwa 1874. Si kwamba waya haukuwepo duniani. Tangu 1866 telegrafu ilikuwa ikipita chini ya Atlantiki, na India nayo ilikwisha kuunganishwa na Uingereza. Lakini kutoka Kwihara hadi pwani habari ilikwenda kwa nyayo za wapagazi. Kilele cha Huebner na wapagazi wale ni wa mwaka mmoja.

Basi tukatundika uzi wa pili, chini ya ule wa kwanza, wa siku ambayo kitu kilitufikia sisi. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Tabora 1912. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Kikaratasi hicho tumekibana kichwa chini. Bibi wa mwenzetu mmoja wa Sikonge hakuwahi kumiliki simu ya waya. Alianza na kitochi, zaidi ya miaka 130 baada ya Bell. Leo analipwa asali yake kwa simu kabla ndoo haijapanda basi. M-Pesa ilizinduliwa Kenya 2007, ikaingia Tanzania 2008. Kutoka kwa Bell hadi Sikonge ni zaidi ya sentimita 130. Kwa M-Pesa ni sentimita 1. Pengo hilo ndilo tunalolipima sasa, na ndilo kipimo tunachokiamini.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, changamoto zetu zinaonekana kwenye uzi huo huo. Klabu ina wanachama 43 na kompyuta 1. Tunaomba kompyuta 10, hata zilizotumika, pamoja na betri ya kutuvusha umeme unapokatika. Bando la intaneti tumekuwa tukichangishana. Hilo tutaendelea nalo.

Mwenzetu anakuletea hapo mezani kibanio kimoja na kikaratasi kilichoandikwa "Maabara ya kompyuta", bila mwaka. Tunaomba ukae nacho, uje ukibane mwenyewe siku kompyuta zitakapofika.

Tunaomba kuwasilisha.
Katibu, Klabu ya TEHAMA