Baraza lako la nyuma, kabla hujatoa pesa nyingine

Isevya, Tabora
14 Septemba

Mama Pili mpenzi,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu kwenye vumbi na jua la Septemba. Barua yako nimeipata juzi, kijana wako aliposhuka kwenye treni, pamoja na dagaa. Ahsante sana, shoga yangu. Jana tumewapika kwa mawese, watoto wakalamba mpaka sufuria. Sisi wazima, ila baba watoto kifua kinambana kidogo kwa hili vumbi. Mama anaendeleaje? Magoti bado yanamsumbua? Nimemweka moyoni, mwambie asali yake iko njiani.

Sasa nije kwenye lile uliloniuliza, viti gani uweke barazani. Pale ulipoandika habari za baraza la nyuma la nyumba yako mpya ya Mwanga, huko Kigoma, nimeparudia mara tatu. Mita 9 urefu, mita 1.8 upana, mlango wa jikoni huku mwanzo, mlango wa bafu katikati, na kule mwisho ukuta. Halafu ukasema umeona seti ya sofa mjini, la watu watatu, la wawili, na mawili ya mtu mmoja mmoja, na kianzio umeshatoa. Mama Pili, nakuomba, kianzio hicho kakidai. Wakikataa kurudisha pesa, wakupe kabati au kitanda cha thamani hiyo hiyo. Sofa lile lisiingie barazani.

Sisemi kwa kusikia. Baraza langu unalijua, lina mita 1.6 upana, na mimi nilinunua sofa kabla ya kupima. Muuzaji aliniambia ni la nje, halina shida na mvua, nikaamini. Sofa kama lile, kutoka mgongoni hadi ukingo wa mbele, linakula sentimita 85 mpaka 90. Toa 90 kwenye 160, zinabaki 70. Akishakaa mtu, magoti na miguu yake inachukua nyingine 30, na hapo imebaki njia ya kupitia paka.

Baba mkwe alikuja kutoka Urambo na wazee wenzake wawili, kwenye ile shughuli ya posa ya binti yetu. Tukawakaribisha nyuma, maana ndani kulikuwa na joto. Wakakaa kwa mstari, na mume wangu na kaka zake wakajazia mstari huo huo. Umeshakaa sana kwenye stesheni yenu pale Kigoma, unajua watu wanavyokaa kwenye benchi ndefu kungoja treni: kila mtu anaongea na wa pembeni yake tu. Ndivyo ilivyokuwa. Baba mkwe alikuwa mwisho kabisa, na sikio lake la kushoto halisikii vizuri. Alijaribu kuinama mbele kuwaona waliokuwa wanazungumza, akainama tena, halafu akaegemea, akawa anatazama ukuta. Mzee ametoka Urambo kuja kuongea habari za mjukuu wake, anatazama ukuta wangu.

Na hapo ndipo binti wa dada yangu alipotoka jikoni na birika la chai. Ilibidi apite ubavu ubavu mbele ya wazee, mtandio wake ukanasa kwenye mkono wa sofa, chai ikammwagikia mguuni. Hakupiga kelele mbele ya wageni. Aliweka birika chini, akarudi jikoni, ndipo akalia. Nilimkuta ameutumbukiza mguu kwenye beseni la maji huku amejifunika uso kwa khanga. Malengelenge yalichukua wiki tatu. Sofa lenyewe, mvua za Desemba zilipopiga kwa pembeni, sponji lilinyonya maji likaanza kunuka, na kufika Machi tulikuwa tumeshalitoa.

Kwa hiyo, kabla ya kufikiria viti, fikiria njia. Baraza la nyuma kwetu ni jikoni ya pili, ni njia ya bafuni, ni mahali pa kuanikia nguo mvua inaponyesha, ndipo watu wapate nafasi ya kukaa. Mtu atapita pale na ndoo ya lita 20 asubuhi na jioni. Mama atapita na fimbo yake usiku. Chukua chaki, uchore mstari sakafuni kutoka mlango wa jikoni mpaka mlango wa bafu, uwe umeacha sentimita 90 upande wa nje. Ndani ya hizo 90 kisikae kitu chochote, hata mtungi wa maua. Kisha mwambie Pili apite na beseni la nguo mikononi, wewe usimame upande wa ndani wa mstari. Akikugusa, ongeza.

Usilione baraza lako kama ukumbi mmoja mrefu wa kujaza viti kuanzia huku mpaka kule. Lione kama vyumba vitatu visivyo na kuta. Mwanzo, karibu na mlango wa jikoni, ni pa kazi. Katikati ni njia tu, pawe peupe. Na mwisho kule, zile mita 3 baada ya mlango wa bafu, hakuna anayepita kwenda popote, maana kuna ukuta. Pale ndipo pa kukaa. Kwangu mimi sikubahatika, bafu liko mwisho, nimebaki na kipande cha mita 2 tu. Wewe umepewa mita 3 kamili.

Pale mwisho usiweke viti vya kutazama mbele vyote. Tengenezesha benchi mbili zinazokutana kwenye kona. Ya kwanza iegemee ule ukuta wa mwisho, mita 1.8 nzima, inakaa watu watatu bila kubanana. Ya pili ifuate ukuta wa nyumba, mita 1.5, inakaa wawili. Hapo wote watano wanaonana nyuso, na aliye mbali zaidi bado unamsikia bila kupaza sauti. Kona yenyewe hakai mtu, magoti yatagongana. Weka chupa ya chai na vikombe. Lakini mwambie fundi asiziunganishe. Ziwe benchi mbili mbali mbali, kila moja ipite mlangoni, na siku ya msiba au shughuli uweze kuzibeba kwenda mbele ya nyumba.

Vipimo nimeviandika pembeni ya karatasi hii, ila nirudie. Kimo cha kukalia sentimita 45. Upana wa kukalia 42, usizidi 45, hapo ndipo unapopata nafasi ambayo sofa lingekunyang'anya. Mgongo ulale kidogo kwa nyuma, usisimame kama wa benchi ya shule, mtu akikaa saa nzima asikie raha. Mbao za kukalia ziwe na nafasi ya upana wa kidole kati ya moja na nyingine, maji yasituame. Na chini ya kila mguu fundi apigilie kipande cha tairi kuukuu, kwa sababu simenti ikiloa ndiyo inayoozesha miguu ya benchi, na kwa nchi yenu yenye mvua na unyevu wa ziwa jambo hili ni kubwa kuliko huku kwetu.

Mbao niachie mimi. Mninga wa huku unaujua. Nilikwenda Jumamosi kwa fundi wangu, akanitolea mbao tatu. Akalamba kidole gumba, akakisugua kwenye ya kwanza pale alipokuwa amepiga randa, na ile rangi ya kahawia ikageuka ikawa nyekundu yenye mistari, kama chai ya rangi ukiitazama juani. Hicho ndicho kiini. Halafu akanionyesha ukingo wa ubao wa pili, mweupe upana wa vidole viwili, akauchoma kwa ncha ya patasi, patasi ikazama. Ule weupe ndio mchwa wanaoutafuta, kiini wanakiacha. Kwa hiyo ukiona mninga wa bei rahisi, geuza ubao, tazama ukingo. Wengi wanapaka vanishi ya rangi nzito juu ya weupe, wewe unafikiri umenunua mninga mzima, kumbe nusu ni chakula cha mchwa.

Jambo la pili la kuuliza ni kama mbao zimekauka. Ubao mbichi ukishatengenezwa benchi unaendelea kukauka ukiwa benchi, viungo vinalegea, mguu unacheza. Fundi wangu ana mbao alizozipanga chini ya bati tangu kabla ya mwezi wa Ramadhani, na ndizo nilizochagua. Viungo atachonga ulimi na tundu, misumari hatumii isipokuwa kwenye vipande vya tairi. Mbao za paini usizikubali kwa benchi ya nje hata mtu akikuapia, labda kwa rafu ya ndani.

Kama nyumba ingekuwa yenu ya kudumu ningekushauri ujenge baraza la tofali na simenti pale mwisho, la kukalia, kama zile za nyumba za zamani za Ujiji. Haliibiwi, halioliwi na mchwa, unatandika jamvi juu yake na mito miwili. Lakini umesema mmepanga kwa miaka miwili, na hela ya kumjengea mtu mwingine huna. Mbao utahama nazo.

Mama yeye asikae kwenye benchi. Mtu wa magoti anahitaji kiti chenye mikono, ajisukume kwa viganja anapoinuka, na kimo chake kiwe 48 au 50, maana kiti kifupi ndicho kinachomtesa. Mwambie akae kwenye kiti chochote mlicho nacho, umpime kutoka sakafuni mpaka nyuma ya goti, unitumie namba hiyo. Kiti chake tutakifanya peke yake, chepesi, akivute mwenyewe kulifuata jua asubuhi au kulikimbia jioni.

Na jua lenyewe hukulitaja. Umesema baraza linatazama ziwani. Basi linatazama magharibi, na kuanzia saa tisa jua litaingia lote mpaka ukutani, mpaka lizame kule nyuma ya milima ya Kongo. Saa kumi na mbili mtakaa mnalitazama na kumshukuru Mungu, lakini saa tisa na saa kumi mtakimbilia ndani. Benchi ya ukuta wa mwisho itapigwa na jua ubavuni tu, hiyo ni nafuu. Ile inayofuata ukuta wa nyumba itapigwa usoni. Tundika mikeka miwili ya ukindu kwenye boriti, ya kukunja kama gombo na kufunga kwa kamba, uishushe alasiri na kuipandisha jioni. Mikeka mizuri utaipata huko huko kwenu, na ukimpa mshonaji vipimo atakukatia.

Meza ndefu usinunue. Pale kwenye kona ya benchi inatosha meza ya mraba ya sentimita 50, unayoinyanyua kwa mkono mmoja, na kona zake ziduarishwe ili watoto wasijigonge. Kule upande wa kazi, karibu na jikoni, fundi akupigie ubao wa sentimita 40 ukutani kwa bawaba. Ukikata mchicha au kuchambua dagaa unauinua, ukimaliza unaushusha umelala ukutani. Kigoda cha mbuzi na jiko la mkaa vikae chini ya ubao huo. Viti vya plastiki vinne, vya kupandana, viwekwe nyuma ya mlango kwa ajili ya wageni wa ghafla. Sivipendi, jua linavipasua, lakini vinaokoa.

Mito iwe ya kutoa. Usiache mto nje usiku. Kava la kitenge kizito linatosha, lenye zipu, ulifue.

Fundi wangu anaanza Jumatatu ijayo, na anasema wiki mbili. Nataka vitu vipande behewa kabla mvua hazijashika, Novemba ikifika hakuna kinachokauka. Nitavisindikiza mpaka stesheni mimi mwenyewe, na risiti na karatasi za mbao nimeshamwambia fundi aziweke tayari, usije ukasumbuliwa huko. Hela yake ya mwisho utamalizia ukishavikalia.

Lakini siwezi kumwambia aanze benchi ya pili mpaka unijibu jambo moja ambalo barua yako haikusema, na ndilo linaloamua kama ile ya mita 1.5 itakaa ukutani au itabidi tuipunguze. Mlango wa bafu unafunguka kwa ndani, au kwa nje?

Wako akupendaye,
Mama Shija