Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni Rasmi: Kinga Ipo, Nani Anaizuia?

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mganga Mkuu wa Wilaya. Mkuu wa Shule. Wajumbe wa Bodi. Walimu, wazazi na walezi. Wanafunzi wenzetu, mwangaluka!

Awali ya yote tunamshukuru Mungu kwa kutukutanisha, na tunakushukuru wewe kwa kuacha shughuli zako nyingi na kuja kufungua maonyesho yetu hapa Ilemela. Historia ya klabu Mkuu wa Shule ameshaieleza, hatutairudia. Tumeomba nafasi hii tuseme jambo moja: biashara ya "kuongeza kinga".

Mheshimiwa mgeni rasmi, ukishuka stendi hapa Mwanza huikosi. Ni chupa ya maji iliyokwisha kutumika, ndani maji ya mizizi yenye rangi ya chai ya rangi, nje kimebandikwa kikaratasi cha fotokopi: "Huongeza kinga, hutibu saratani zote." Spika inaimba kutwa nzima na wazazi wetu wananunua. Klabuni tukajiuliza: hivi mgonjwa wa saratani amepungukiwa kinga kweli, au kinga anayo ila imezuiwa?

Jibu lilitushangaza. Mara nyingi seli T, yaani aina ya chembe nyeupe za damu, zenye uwezo wa kuua saratani zipo, tena zimeshaingia hadi ndani ya uvimbe. Lakini kando yake kuna seli T nyingine ambazo kazi yake ni kuzituliza. Tumeziita seli T dhibiti. Tusizilaani haraka, maana bila hizo kinga ingeugeukia mwili wenyewe. Shimon Sakaguchi wa Japani alizitambulisha mwaka 1995. Mwaka 2001 Mary Brunkow na Fred Ramsdell, wakiwa Marekani, walionyesha kwamba panya wa ukoo mmoja, ambao madume yake hufa yakiwa na wiki chache tu, wana hitilafu kwenye jeni iitwayo FOXP3. Watoto wanaozaliwa na hitilafu ya jeni hiyo huharisha bila kukoma, hupata ukurutu, na kisukari huwaanza wakiwa wachanga. Mwaka 2003 ikathibitika kuwa FOXP3 ndiyo inayoongoza utengenezaji wa seli dhibiti. Watatu hao walitunukiwa Nobel ya tiba mwaka 2025.

Sasa saratani inafanyaje? Uvimbe hutoa kemikali zinazoziita seli hizi zije kwa wingi. Ni sawa na mwenye kokoro, nyavu haramu ya kuvulia, aliyefanikiwa kuwaita walinzi wa mwalo wawazuie wale wanaokuja kumkamata! Zikishafika, hufyonza interleukini-2, protini ambayo seli shambulizi huihitaji ili ziongezeke. Kwa kutumia protini iitwayo CTLA-4, hunyofoa alama za kuamsha zilizo juu ya seli zinazotambulisha adui. Halafu humwaga kemikali za kupoza mapambano. Seli shambulizi zinabaki pale pale, hai, hazifanyi kitu.

Mwaka 1999 watafiti wa Japani waliwaondolea panya seli hizi, na panya hao wakaweza kuukataa uvimbe waliopandikizwa. Mwaka 2004 utafiti wa saratani ya ovari ulionyesha kuwa wanawake wenye seli dhibiti nyingi ndani ya uvimbe waliishi muda mfupi zaidi. Hata hivyo si kila saratani iko hivyo. Kwenye baadhi ya saratani za utumbo mpana, wingi wake umeonekana kuambatana na nafuu. Ndiyo maana tunamwogopa mtu anayesema "saratani zote".

Na hapa ndipo hoja yetu ilipo. Interleukini-2 ni dawa halisi ya kuchochea kinga, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1992 kwa saratani ya figo iliyosambaa. Iliwasaidia wagonjwa wachache, na moja ya sababu ni kwamba inazinenepesha seli dhibiti pia. Ikiwa dawa ya hospitali inayopimwa kwa uangalifu ina shida hiyo, chupa ya stendi itajuaje iongeze seli ipi? Dawa ya ipilimumabu, iliyoidhinishwa mwaka 2011, ilipita njia nyingine: inaifunga CTLA-4. Imewasaidia watu wenye saratani ya ngozi ya melanoma, lakini wengine hupata mchochota wa utumbo au wa tezi, yaani kuvimba kusiko kwa saratani, kwa kuwa kizuizi kikilegea kinga hupiga hata kwake.

Mheshimiwa mgeni rasmi, tunajua dawa hizo ni ghali mno kwa familia nyingi za hapa. Tunayoyaweza ni ya mapema: kutibu kichocho cha mkojo, ambacho huweza kuleta saratani ya kibofu, na chanjo ya HPV, kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, kabla uvimbe haujapata nafasi ya kuita walinzi.

Tunaomba utusaidie kupata hadubini mbili, kwani iliyopo lenzi yake ina ukungu na tunaitumia kwa zamu darasa zima. Tunaomba pia utuombee kibali cha kutembelea maabara ya patholojia, inayochunguza vipande vya uvimbe, katika Hospitali ya Bugando. Na siku ya kikao cha wazazi, tupatie daktari azungumze nao kuhusu zile chupa. Sisi tukisema nyumbani tunaambiwa tumesoma sana.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu, Klabu ya Sayansi