Salamu za Krismasi: Ndugu Walioshindwa Kumsalimu Yusufu

Wapendwa ndugu, jamaa na marafiki, Heri ya Krismasi. Tunamshukuru Mungu aliyetufikisha siku hii ya kuzaliwa kwa Mwokozi, na tunawaombea walio bado safarini wafike nyumbani salama.

Katika majira haya ya kukusanyika nimerudia habari za Yusufu na ndugu zake katika kitabu cha Mwanzo, nikakwama katika sura ya 37, mstari wa 4. Wana wa Yakobo walipoona baba yao anampenda Yusufu kuliko wote, walimchukia, hata wasiweze kusema naye kwa amani. Neno la Kiebrania lililotumika hapo ni shalom, ambalo lina asili moja na neno letu salamu. Kumbe kabla ya shimo la Dothani walimomtupa, na kabla ya vile vipande 20 vya fedha walivyomwuzia kwa wafanyabiashara waliompeleka Misri, salamu ilikuwa imekwisha kukatika ndani ya nyumba, na Yusufu alikuwa kijana wa miaka 17 tu.

Walimvua kanzu, wakamtupa shimoni, kisha wakaketi kula chakula. Kilio chake hakitajwi hapo. Tunakisikia katika sura ya 42, miaka isiyopungua 20 baadaye, wenyewe wanapokiri kwamba waliiona dhiki ya nafsi yake alipowasihi, wasimsikilize. Muda wote huo walikuwa wameibeba sauti ile vifuani. Yakobo naye, ambaye zamani alimdanganya baba yake Isaka kwa ngozi za wana-mbuzi, alidanganywa na wanawe kwa damu ya mbuzi iliyopakwa kwenye kanzu aliyoitengeneza yeye mwenyewe. Sisi wazazi tusiipite habari hiyo haraka.

Huko Misri, alikokuwa sasa mtawala, ndugu zake walipokuja kununua chakula wakati wa njaa, Yusufu aliwabusu wote akilia, na baada ya hayo, yasema sura ya 45, wakazungumza naye. Hata hivyo, Yakobo alipofariki miaka 17 baadaye, walituma ujumbe kuomba msamaha, wakihofu kwamba sasa atalipiza kisasi. Yusufu akalia tena.

Asubuhi ya leo nimempigia simu kaka yangu, ambaye tangu tugawane shamba la marehemu baba tumekuwa tukionana misibani tu. Alipokea, tukazungumza mpaka salio likaisha. Anawasalimu nyote.