Mfuko mmoja wa saruji haukodiwi semi-trela

Ndugu mhariri,

Naomba nafasi nijibu ile makala ya ukurasa wenu wa teknolojia, ile iliyosema kijana anayetengeneza tovuti bila kuzijua freimuweki kubwa kubwa, yaani vile vifurushi vya programu zilizoandikwa tayari, basi huyo hana soko. Mi ni fundi tovuti hapa Morogoro, familia inakula kwa kazi hiyohiyo, na siku hizi kazi nyingi ninazopata ni kubomoa walichojenga vijana walioaminishwa maneno kama hayo.

Kuna mzee mmoja anauza vifaa vya ujenzi huku kwetu. Alikuwa na tovuti ya ukurasa mmoja tu, picha ya duka, namba ya simu na kikokotoo, mteja anaandika idadi ya mifuko ya saruji anaona jumla, basi. Kijana aliyemtengenezea akatumia React, mojawapo ya hizo freimuweki kubwa, sawa, akaongeza na vikorokoro vya kuhama kurasa wakati ukurasa wenyewe ni mmoja, na vya kuchora grafu ambayo hadi leo sijaiona iko wapi, nilipopima JavaScript, ile lugha inayoufanya ukurasa utende kazi, peke yake ilikuwa megabaiti 1.4. Sasa mteja wa mzee ni nani? Ni fundi yuko saiti, simu ya bei chee kioo kimepasuka, bando la buku, anafungua anakuta weupe, anasubiri weee, mwishowe anapiga simu. Na hata bando likiwepo, simu yenyewe lazima iisome ile kodi yote, maandishi ya programu yaani, na kuiendesha ndo kitu kionekane, na zile simu zetu hapo ndo zinapohema. Mzee akaniuliza, kijana wangu, kama wote wanaishia kunipigia hii tovuti nailipia ya nini? Sikuwa na jibu.

React yenyewe sina ugomvi nayo, ugomvi wangu ni kuileta na ukoo wake wote kwa ajili ya kisanduku kimoja.

Nikaivunja nikaijenga upya na Alpine.js, laibrari, yaani kifurushi kidogo cha kodi iliyoandikwa tayari, ya jamaa anaitwa Caleb Porzio, faili moja kama kilobaiti 15 hivi likishabanwa. Unaliweka kwenye ukurasa kwa mstari mmoja, huinstoli kitu, halafu kazi yote unaifanya humohumo ndani ya HTML, ile lugha inayopanga ukurasa. Unaandika x-data unataja kwamba kuna kitu kinaitwa mifuko kinaanzia 0, kwenye kisanduku cha kuandikia unaweka x-model="mifuko", na pale penye jumla unaweka x-text="mifuko * 17000". Imeisha hiyo. Mteja akiandika 5 inatokea 85,000, akifuta akaandika 6 inatokea 102,000, hakuna batani ya kubonya wala ukurasa kulodi upya. Ni kama mizani ya dukani, ukiongeza sukari mshale unasogea, hakuna anayeusukuma kwa kidole. Zamani ule mshale tulikuwa tunausukuma wenyewe, unakamata kisanduku, unasoma namba, unapiga hesabu, unatafuta jumla ilipo unaibadilisha, ukisahau sehemu moja ukurasa unasema vitu viwili tofauti.

Na si mambo ya jana haya. Knockout, laibrari ya Steve Sanderson, ilikuwa inaunganisha data na ukurasa namna hiyohiyo tangu 2010, kabla hata React haijatolewa hadharani 2013. Evan You naye, aliyetoa freimuweki ya Vue mwaka 2014, aliona kuna watu wanataka kionjo tu akatengeneza petite-vue, Vue ndogo, mwaka 2021, kama kilobaiti 6. Na Alpine toleo la 3 injini yake ya ndani ni ileile ya Vue. Kwahiyo anayesema hivi ni vitu vya watoto, huyo mwenye Vue mwenyewe ni mtoto?

Ila nisije nikaonekana nauza dawa ya magonjwa yote. Mwenyewe ilinitoa jasho. Mzee alitaka mteja aweze kuandika mifuko ya kuchukua leo na ya kuchukua kesho, vijumlishwe. Nikaweka visanduku viwili, nikajaribu haraka haraka, nikapeleka hewani. Jioni mzee ananipigia, we kijana, kompyuta yako imelewa? Kuna mtu kaandika 5 leo na 10 kesho kaambiwa alipe 8,670,000! Kumbe kile kinachotoka kwenye kisanduku ni maandishi, siyo namba, ukijumlisha maandishi 5 na 10 JavaScript inayabandika yanakuwa 510, halafu inazidisha hiyo 510 kwa bei bila aibu. Dawa yake ni kuandika x-model.number. Herufi sita na nukta, nimezitafuta mpaka saa tano usiku. Na bei, jamani, bei ya kwenye ukurasa ni ya kuangalia tu, oda ikiingia seva, ile kompyuta inayohifadhi tovuti, ipige hesabu yake upya, maana mjanja yeyote anaweza kufungua ule ukurasa kwenye brauza yake akageuza 17000 kuwa 17.

Kingine, lile faili la Alpine wengi wanaliita moja kwa moja kutoka seva za nje. Mi nalikopi naliweka kwenye seva ya mteja, iko Dar. Mei 2024 nyaya za intaneti za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika mnakumbuka hali ilivyokuwa, kurasa nilizokuwa nimezifanya kivivu zilifunguka lakini kila ukibonya kitu kimya, kwasababu ubongo wake ulikuwa umekwama ng'ambo. Ile ya mzee iliendelea kujumlisha mifuko kama kawa.

Ukinipa kazi ya mfumo mkubwa, watu hamsini wanaingia, skrini mia, sitaleta Alpine, kodi ikitawanyika kwenye HTML kiasi hicho utalia. Ninachoomba huo ukurasa wenu siku moja uandike na hizi ndogo, maana vijana wanausoma na kuuamini, na wateja wengi wa mikoani wana ukurasa mmoja wa kuuza kitu kimoja.

Mzee sasa anataka tuongeze nondo. Nimemwambia alete bei za milimita 10, 12 na 16, jioni ileile ziko hewani. Hajaleta bado, anasema zinabadilika kila akienda Dar.

Fundi tovuti,
Morogoro