Wachungaji, someni Ezekieli 38 yote

Ndugu Mhariri,

Tangu Israeli ilipoishambulia Iran tarehe 13 Juni 2025, makundi ya WhatsApp ya makanisa yetu hayajatulia. Klipu ni zile zile: ramani, mishale myekundu, na mhubiri anasoma Ezekieli 38:5 kwa sauti kubwa, "Uajemi, na Kushi, na Putu pamoja nao." Uajemi ndiyo Iran, anasema, basi unabii umetimia.

Klipu huishia hapo. Ukishuka hadi mstari wa 11, Gogu, kiongozi wa majeshi hayo, anaiendea Israeli, nchi yenye vijiji visivyo na maboma, watu wakaao salama, wasio na makomeo wala malango. Israeli ya leo ina kuta za zege mipakani na mitambo ya kutungua makombora. Tena katika Ezekieli Uajemi inakuja kuvamia, imefuatana na jeshi kutoka pande za mwisho za kaskazini. Juni iliyopigwa kwanza ni Iran.

Kosa hili ni la zamani. Katika karne ya 4 Askofu Ambrose wa Milan alisema Gogu ni Wagothi waliokuwa wakiivamia dola ya Rumi. Martin Luther akasema ni Waturuki. Wakati wa Vita Baridi akawa Muungano wa Kisovieti. Ambrose na Luther waliijua Biblia kuliko sisi sote, na bado walikosea.

Kinachoniuma ni wasikilizaji. Mama mmoja wa ushirika wetu aliniuliza baada ya ibada kama kuna haja ya kumlipia bintiye ada ya chuo, ikiwa Bwana anarudi mwaka huu. Hakuwa anatania. Na kule Shakahola, Kilifi, nchini Kenya, tangu 2023 imefukuliwa miili zaidi ya 400, wengi wao watu walioaminishwa kwamba wakifunga hadi kufa watakutana na Yesu. Simlinganishi mwenye klipu na aliyefanya hayo. Ila neno la madhabahuni watu hulitumia kuamua ada, shamba, hata dawa ya mtoto.

Mimi naamini Yesu atarudi, na namngoja. Ni yeye aliyesema tutasikia habari za vita, tusitishwe, "lakini ule mwisho bado" (Mathayo 24:6). Vita ile ilisimamishwa tarehe 24 Juni. Mchungaji aliyetangaza kwamba unabii umetimia asome Kumbukumbu la Torati 18:22, kwamba neno la nabii lisipotimia, Bwana hakulinena, kisha asimame mbele ya waumini wale wale awape maelezo.

Muumini,
Tanga